Pembe ya Kushoto ya Gaju

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na Base Camp
4 Machi 2025

Binti yangu Viviane,

Naomba radhi kwa kukaa kimya wiki saba. Ulinitumia kurasa za jarida lako la katuni katikati ya Januari, ukaniomba nizirudishe baada ya siku kumi. Tangu nilipoanza kufundisha mwaka 1974 sijamcheleweshea mtu kazi. Sababu ni miwani yangu. Kioo kimoja kimelegea.

Kurasa kumi na moja nakurudishia kwa mkono wa Cansilde, yule mama wa samaki wakavu anayekuja soko la Mbarara kila Alhamisi. Zikinuka kambare, usidhani ni mimi.

Huyu mchoraji wako Anatole ana mkono mwepesi. Koplo Maharage anapewa viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, naye anazunguka kambi mwezi mzima kwa sababu hawezi kwenda mbele: nimeielewa. Mbuzi wa kamanda anapandishwa cheo kuwa sajini, na Koplo analazimika kumpigia saluti kila anapokwenda chooni: nimeielewa pia. Ile ya mlinzi anayemwuliza kuku neno la siri, na kuku akalijibu sawasawa, nilicheka. Mkwe wangu Mukandayisenga, Mama Grâce, alitoka jikoni kutazama nimepatwa na nini.

Maneno ya askari nimeyasahihisha. Palipoandikwa "tuko na njaa" nimeandika "tuna njaa", na kadhalika mpaka mwisho.

Uliponiomba kazi hii ulistaajabu kwamba nilikubali, kwa kuwa unajua askari walivyotutenda kule milimani. Nilikubali kwa sababu watu walioogopeshwa na kitu kwa muda mrefu wanapaswa kukiona siku moja kikiwa kimevua viatu.

Ukurasa wa tisa nimebaki nao. Ni ule wa picha nne: Koplo anampigia ng'ombe saluti, ng'ombe anampiga teke na ndoo inamwingia kichwani, sajini anamsomea ng'ombe mashtaka ya kukataa amri wakati wa vita, mwisho mtu mwenye kofia anapiga mluzi, maziwa yanatoka, na kikosi kizima kimepanga mstari kikijifunza mluzi huo. Maneno yake hayana kosa. Swali langu ni la ng'ombe. Pembe yake ya kushoto imepinda ikashuka kuelekea shavuni, na ncha yake imekatwa. Mwulize mchoraji pembe hiyo aliiona wapi. Nataka jibu lake, si lako.

Mwalimu wako,
Ezira Kayumba


Nyamitanga, Mbarara
12 Machi 2025

Baba Mwalimu,

Kurasa zimefika, na kambare pia. Dirisha la chumba chetu cha kazi limekuwa wazi tangu Alhamisi. Pole kwa miwani. Ukitaka niitengeneze hapa mjini, mpe Cansilde.

Kuhusu "tuna njaa", Anatole anasema askari akizungumza hivyo kambini wenzake watamwomba awafungulie ibada. Nakuomba umwachie Koplo njaa yake jinsi alivyoizoea.

Kuhusu pembe, umeona vizuri. Nani mwingine angeligundua kosa hilo, isipokuwa mtu aliyelelewa na ng'ombe? Nilimwambia Anatole aichore upya, inyooke kama mwenzake. Hapo tukagombana. Tumefanya kazi pamoja miaka miwili na sijamwona akikasirika. Nikimwambia picha haichekeshi, anaifuta bila neno. Safari hii aliweka kalamu mezani.

"Mwambie Mwalimu pembe iko vile."

"Mwalimu ni mfugaji. Anasema pembe haiwi hivyo."

"Yeye alikuwa fasi ile?"

"Mahali gani?"

Akaichukua tena kalamu. Kisha akasema, "Dada Viviane, ukitaka, toa koplo. Toa sajini. Ile ng'ombe usiiguse."

Sikutaka kubishana na mtu anayetetea pembe. Alipotoka kwenda kula niliinyoosha mwenyewe kwenye kompyuta. Imekaa vizuri, na ukurasa mpya uko ndani ya bahasha hii. Ule wa zamani unaweza kuutupa. Mpiga chapa anataka kurasa zote kabla ya tarehe 30 Aprili.

Nisalimie Mama Grâce.

Mwanafunzi wako,
Viviane


Nakivale
14 Machi 2025

Viviane,

Irudishe pembe jinsi ilivyokuwa. Barua hii uisome ukiwa peke yako.

Miwani yangu ni mizima. Nilikuandikia uongo, na wewe unajua ningemfanya nini mwanafunzi kwa uongo wa namna hiyo. Tena wewe hukuelewa, na kosa ni langu, kwa sababu mtu anayeuliza nusu ya swali hupewa jibu la kitu kingine.

Ng'ombe huyo anaitwa Gaju. Alizaliwa zizini kwangu. Akiwa ndama alibanwa na mti wa lango, na pembe ikaota ikishuka. Mwanangu Emery aliikata ncha kwa msumeno ili isimtoboe jicho. Wewe umeona ng'ombe aliyechorwa vibaya. Mimi nimekaa wiki saba nikimtazama ng'ombe wangu. Mfugaji asiyemtambua ng'ombe wake ni sawa na mzazi anayewauliza watoto wake majina.

Mwezi wa Septemba 2018 askari walichukua ng'ombe wetu thelathini na mmoja pamoja na Emery aliyekuwa akiwachunga. Sitaandika walikuwa askari wa nani, maana wa kila upande walipita kwetu. Jirani alisikia risasi bondeni. Siku ya pili tulikimbia. Tangu hapo wengine husema Emery alikufa siku ileile. Mkewe, Mukandayisenga, hasemi hivyo wala vingine. Matanga hatujakaa, kwa sababu hakuna anayejua kama kuna maiti. Chombo cha mti ambacho Emery alikamulia, mkewe alikibeba mgongoni mpaka Uganda. Kimetundikwa ukutani, na hakuna anayekitumia.

Sasa itazame picha ya nne. Yule mwenye kofia ametugeuzia mgongo. Fimbo yake iko mabegani, na mikono yote miwili imening'inia juu yake. Emery alisimama hivyo tangu utoto, nami nilimkemea bure. Juu ya kofia Anatole amechora alama tatu za mluzi, mbili fupi na moja ndefu. Gaju hakutoa maziwa kwa sauti nyingine.

Kama askari walimkamua Gaju na Emery akapiga mluzi, basi Emery hakufa bondeni siku ile.

Mwulize Anatole huyo mwenye kofia yuko wapi. Usimtishe wala usimbembeleze. Mukandayisenga sijamwonyesha ukurasa. Sitaweka picha mkononi mwake kabla sijajua ninampa nini.

Ezira Kayumba


Nyamitanga
26 Machi 2025

Baba Mwalimu,

Nilimsomea Anatole barua yako. Alisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye mluzi aliketi sakafuni, mahali pale pale alipokuwa.

Kesho yake hakuja kazini, wala siku tatu zilizofuata. Nilimfuata chumbani kwake chini kwenye barabara ya mto, nikamkuta ameketi kitandani na begi limefungwa. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema hajui, ila begi linajua.

Sikujua kwamba alikuwa askari, naomba uniamini. Aliniambia alisoma ufundi Bukavu, na kwamba visa vya kambini alisimuliwa na mjomba wake. Nami nilimwamini kwa sababu picha zake zilinichekesha. Sasa najiona mjinga. Hakuna mjomba anayekumbuka jinsi maharage yanavyopikwa ndani ya kofia ya chuma na ni upande gani yanaungua kwanza.

Baba, naogopa. Nakivale kuna familia ambazo hazikubakiwa na mtu wa kuuliza maswali. Wakijua nani anamchora Koplo Maharage, hawataanza kwa kuuliza pembe. Kwa hiyo nimeuondoa ukurasa wa tisa. Kurasa kumi na moja zinatosha, na wasomaji hawatajua.

Bahasha ndogo iliyofungwa kwa gundi ni yake. Sikuifungua.

Viviane


Mbarara
25 Machi 2025

Mzee Ezira,

Mimi niko Anatole, ule mwenye kuchora. Hii barua nimeiandika mara tano. Kiswahili yangu si ya masomo, unisamehe, usiiweke wino nyekundu.

Ni kweli, nilikuwa askari. Nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Sitasema walinilazimisha. Kazi haikukuwa, na nilipenda uniforme. Ile siku ya kuchukua ng'ombe sikuenda, lakini maziwa nilikunywa. Kwa hiyo ni sawa na kwenda.

Mutoto wako hakufa ile siku. Alikaa na sisi siku makumi mbili na mbili. Sajini wetu alitaka maziwa ya ile ng'ombe ya pembe, na ile ng'ombe ilikataa batu yote. Ilipiga koplo teke, ndoo ikamwingia kwa kichwa, vile uliona. Njo pale wakaleta Emery. Akapiga muluzi, maziwa ikatoka. Sajini akasema kila askari ajifunze ule muluzi. Tukasimama mustari moja, batu makumi tatu na bunduki zetu, tunapigia ng'ombe muluzi, na ng'ombe inatuangalia tu. Emery akacheka. Na sisi tukacheka pamoja naye.

Mzee, mule kambini nilikaa miezi kumi na moja. Ile ndiyo siku moja tu yenye batu walicheka na hakuna mutu alipigwa. Vichekesho vingine nilitunga. Ile ya ukurasa wa tisa sikutunga kitu.

Haiko muzima. Ni mimi nilimuzika. Fasi ninaijua, na niliweka alama. Namna alikufa sitaiandika kwa karatasi yenye itapita mikono mingi. Nitaisema mbele ya macho yako na ya muke wake, kama munakubali. Mukikataa, nitaelewa. Nilikuwa nimefunga begi ya kutoroka. Leo nimeifungua.

Uso wake sikuuchora. Nilijaribu, mukono ukakataa.

Anatole


Nakivale
31 Machi 2025

Bwana Anatole,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Wino mwekundu sikuugusa.

Utakuja Nakivale Jumamosi inayofuata Pasaka, tarehe 26 Aprili. Utapanda gari la asubuhi na utateremka Base Camp, mbele ya soko. Nitakuwa nimesimama pale mwenyewe, nimevaa koti la kijivu. Mtu yeyote atakayetaka kujua wewe ni nani ataniuliza mimi kwanza, na mimi si mwepesi wa kujibu.

Kwetu, mtu aliyepewa maziwa ndani ya nyumba hadhuriwi na watu wa nyumba hiyo, wala na jamaa zao. Lakini maziwa hayo siyo yangu. Nyumba ni ya Mukandayisenga, mke wa Emery, na yeye ndiye atakayetoa au atakayenyima. Sikuahidi msamaha, kwa sababu sijui kama ninao. Nakuahidi kiti, na kwamba hutakatizwa mpaka umalize.

Usilete zawadi. Lete kalamu yako, maana tutakuomba utuchoree mahali ulipomzika.

Ezira Kayumba


Nyamitanga
9 Aprili 2025

Baba Mwalimu,

Anatole amesema atakuja. Aliisoma barua yako akiwa amesimama dirishani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, na tangu siku hiyo anavaa shati hilo hilo. Jana ameniuliza avae nini siku ya kuja kwenu. Akasema, "Bora nivae nguo yenye haina mifuko mingi, baone sikuficha kitu."

Nimesahau kukuomba radhi. Niliinyoosha ile pembe kwa dakika moja, nikaenda kunywa chai. Sasa nikiukumbuka ukurasa ule nashindwa kunywa hiyo chai. Ungekuwa mtu asiye na ukaidi, ungenishukuru na ungenyamaza, na Emery angetoweka mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

Niambie tu nifanye nini na ukurasa wa tisa. Nimeuondoa, lakini nafasi yake sijaijaza. Nilisema wasomaji hawatajua. Mimi nitajua. Mpiga chapa amepiga simu mara mbili.

Je, Mama Grâce umemwambia?

Viviane


Nakivale
14 Aprili 2025

Binti yangu Viviane,

Nimemwambia jana, baada ya ibada. Nilikuwa nimetayarisha maneno kama mtu anayetayarisha somo. Sikuyatumia. Nilimpa ukurasa tu, ule wa pembe iliyopinda.

Alitazama picha ya kwanza. Katika picha ya pili, ndoo ilipomwingia Koplo kichwani, alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipofika nchi hii. Kisha akaacha.

"Huyu ni Gaju."

"Ndiye."

Akaipita picha ya tatu, akafika ya nne. Akaweka kidole juu ya ile kofia, akakiacha hapo mpaka chai yake ikapoa.

"Aliyechora ni nani?"

"Mtu aliyekuwepo."

"Upande gani?"

"Upande wa wenye bunduki."

"Yu hai?"

"Mchoraji?"

"Baba Grâce."

Nikamwambia hapana, na kwamba huyo huyo mchoraji ndiye aliyemzika. Hakulia mbele yangu. Alichukua jembe, akaenda kwenye mahindi, akapalilia mistari miwili mpaka mwisho. Aliporudi aliuegemeza mpini ukutani, akaniuliza:

"Baba, wewe umejua lini?"

"Tangu Januari nilishuku. Tangu mwisho wa Machi nimejua."

"Basi mchoraji amenificha miaka sita, na wewe umenificha miezi mitatu. Nitawasikiliza wote wawili."

Nimewasahihisha watu zaidi ya miaka hamsini, na sasa yuko mmoja nyumbani kwangu anayenisahihisha mimi, tena bila wino.

Jioni alinieleza masharti yake, nami nakuandikia kama alivyoyasema. "Aje. Nitamsikiliza. Akisema yote, hata yale yatakayonichoma, atakunywa maziwa nyumbani humu, na karatasi yake itoke kama ilivyo, watu wacheke. Emery mwenyewe alicheka. Lakini akificha neno moja kunihurumia, arudi Mbarara na Gaju wake wa karatasi, na nisione picha hiyo popote." Nilimwambia kwamba mimi ningependa ukurasa utoke. Akanijibu kwamba hakuniuliza.

Kwa hiyo usiurudishe ukurasa wa tisa, wala usiutupe. Uache pengo lake wazi. Mpiga chapa mwambie atapata jibu kabla ya tarehe 30, na kama hawezi kungoja, mpe jina langu anilalamikie mimi. Watu wa hapa wakiuliza habari za mgeni wangu, nitawajibu mwenyewe. Nimekwisha kuzungumza na wazee wawili wa kanisa. Watakuwa wameketi mlangoni, nje.

Mukandayisenga ameona kosa moja katika mchoro: ndoo ni ndogo. Anasema Gaju asingeridhika kujaza ndoo moja tu. Mwambie Anatole, lakini asibadilishe kitu kabla hajaruhusiwa. Na Koplo mwachie "tuko na njaa" yake. Nimefikiri: aliyekuwa na njaa ni yeye, si mimi.

Asubuhi hii nimekuta msumari mtupu ukutani. Chombo cha Emery kilikuwa uani, kimeoshwa na kufukizwa moshi kama cha kutiwa maziwa, kimeinamishwa juani kikauke. Sikumwuliza chochote, maana zimebaki siku kumi na mbili na masharti nimekwisha kuyasikia. Atakapokuwa ameamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mwalimu wako,
Ezira Kayumba